Nimeanza kutembea mara tatu, na mara tatu nimeacha

"Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 49, nakaa Wete, nasomesha skuli ya msingi. Mwaka jana nilipimwa nikaambiwa presha iko juu na sukari imeanza kupanda. Nimepewa dawa ya presha na metformini ya sukari, na daktari akaniambia nifanye mazoezi, hasa kutembea. Nimeshaanza mara tatu. Kila mara nafika wiki mbili, basi. Mara ya kwanza nilitaka nifikishe zile hatua elfu kumi za kwenye simu, magoti yakaniuma hadi kusujudu ikawa tabu. Mara ya pili ziliingia mvua za masika. Mara ya tatu ilinishinda midomo ya watu. Kila nikipita naulizwa waenda wapi, mmoja anasema nimekosa nauli, mwengine anamwambia mume wangu mbona mkeo amekonda, ana nini. Jirani ananiambia nivae jaketi zito nitoke jasho ndiyo mafuta yayayuke. Shoga yangu anasema magoti yakishaanza kusagika, kutembea ndiko kuyamaliza. Na mimi najiuliza, mbona tangu alfajiri niko miguuni, skuli, jikoni, sokoni, kwani hayo si mazoezi? Nisaidie nijue lipi la kweli, na nifanye nini hata nisiache tena."

Waaleikum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na lililonigusa kuliko magoti na presha ni lile neno lako, "nafika wiki mbili, basi." Umelisema kama mtu anayejihukumu. Nataka nianzie hapo. Mtu aliyeanza jambo mara tatu hamu anayo. Zichukue hizo mara tatu uziangalie moja moja: ya kwanza ulijitwika mzigo uliozidi magoti yako, ya pili mvua ilikukuta huna pa kutembelea, ya tatu hukuwa na la kumjibu anayekuuliza. Yote matatu yana dawa, na hakuna hata moja linalohusu uvivu.

Kazi yangu mimi ni fiziotherapia, yaani kutibu viungo na misuli kwa mazoezi na kwa mikono, na nimezaliwa huko huko Pemba. Vilima vyenu navijua kwa miguu yangu. Nitakujibu yote, ila nitaanza na lile lililokuumiza mwanzo.

Hizo hatua elfu kumi hazikutoka hospitali. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuvaa kiunoni kinachohesabu hatua, ikakiita manpo-kei, maana yake "kipima hatua elfu kumi". Ni namba iliyokaa vizuri mdomoni, ikaenea dunia nzima hadi ikaingia kwenye simu yako. Watu walipokuja kuipima kwa uchunguzi, mambo yakaonekana mepesi kuliko hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakiongozwa na I-Min Lee walitoa matokeo ya wanawake karibu 17,000, umri wao kwa wastani miaka 72, waliovalishwa vipimo vya hatua. Waliopiga kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliopiga kama 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Uchunguzi wa aina hii una mipaka yake, kwani aliye mzima hutembea zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo unatosha kukuondolea deni la elfu kumi ulilojiwekea.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki, za mwendo wa kukupandisha pumzi kidogo, na juu yake angalau siku mbili za mazoezi ya kutia nguvu misuli. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la zamani lililotaka kila kipande kisipungue dakika kumi. Ukitembea dakika saba asubuhi na nane jioni, zote umeandikiwa.

Sasa lile swali lako kuhusu pirika za kila siku, ambalo ni zuri sana, na watu wengi wanaliuliza kwa kujitetea wakati wewe umeliuliza kwa kutaka kujua. Mwaka 1953 daktari mmoja wa London, Jerry Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na kondakta wako basi moja, zamu moja, lakini dereva amekaa kutwa na kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kidogo kuliko madereva. Kwa hivyo ndiyo, harakati za kazi zinahesabika. Mama zetu waliokwenda shamba kwa miguu msimu wa karafuu na kurudi na pakacha kichwani hawakuhitaji kuambiwa na mtu watembee.

Ila ziangalie pirika zako zenyewe zikoje. Skuli umesimama ubaoni. Jikoni umekalia mbuzi unakuna nazi, au umesimama mbele ya jiko. Sokoni unapiga hatua tatu unasimama kuuliza bei ya samaki. Kusimama kutwa kunachosha miguu na kiuno, lakini moyo haukushughulishwa, ndiyo maana jioni umechoka na presha iko pale pale. Kipimo ninachowapa wagonjwa wangu ni hiki: ukiwa katika mwendo unaofaa, unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatakata maneno, lakini ukijaribu kusoma kasida pumzi inakuishia katikati ya ubeti. Ukiweza kuisoma kasida yote, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Anayependa kuhesabu ahesabu hatua za sekunde 15; zikifika kama 25, mwendo ni huo.

Kwa nini mwendo huo na si wa polepole? Kwa sababu ya misuli. Sukari iliyoko kwenye damu inatakiwa iingie ndani ya misuli ikatumike, na anayeifungulia mlango ni insulini. Kwa mtu kama wewe, ambaye sukari imeanza kupanda, insulini inapiga hodi lakini mlango unafunguka kwa shida. Msuli unaofanya kazi una mlango wake mwengine, unaoufungua wenyewe bila kuingoja insulini. Na misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko mapajani na makalioni, hiyo hiyo unayotembelea. Zaidi ya hayo, ukishamaliza kutembea, mlango ule wa insulini nao unabaki mwepesi kwa siku moja, pengine mbili, kisha unarudi kuwa mzito. Hapa ndipo inapotoka ile kanuni kwamba mwenye sukari asikae siku mbili mfululizo bila kutembea. Nakuomba uikumbuke, nitairudia mbele.

Na kama unaweza kuchagua wakati, dakika kumi au kumi na tano baada ya chakula kikubwa zina kazi ya pekee, kwani ndipo sukari inapopanda. Wanaosema ukila usitembee wanachanganya kutembea na kukimbia. Baada ya wali wa nazi wa usiku, mwendo wa taratibu uani au mbele ya nyumba hauzuii chakula kusagika tumboni.

Presha nayo ina njia yake. Mishipa ya damu ndani imetandazwa ngozi laini sana. Damu inapopita kwa kasi, kama unapotembea haraka, ngozi hiyo inatoa kemikali ya kuulegeza ukuta wa mshipa, na presha inashuka kwa saa kadhaa. Anayeshikilia kwa miezi, ile namba ya juu hushuka kwa wastani wa pointi nne hivi. Nakwambia namba hii ili usitarajie miujiza ukavunjika moyo, na ili usiache vidonge. Pointi nne ni faida ya kweli, lakini zinakwenda pamoja na dawa. Kuna watu wametembea mwezi mmoja, wakajisikia wepesi, wakaweka vidonge kabatini, na mimi nikaja kuwakuta wamepooza upande. Dawa hupunguzwa na daktari aliyekupima. Kujisikia vizuri si kipimo.

Magoti sasa. Neno "kusagika" limewatisha watu wengi mno visiwani kwetu, na nalaumu sisi wenyewe wa hospitali, tunalitamka huku tunaangalia picha na mgonjwa anabaki kufikiria goti lake ni jiwe la kusagia. Mwisho wa kila mfupa unaounda goti umefunikwa gegedu, kitu laini, cheupe, kinachoteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na linaupata kama sifongo linavyopata maji: ukilikanyagia linabanwa na kutoa, ukiinua mguu linafunguka na kunyonya. Goti lisilotembezwa halipati chakula, na misuli ya paja inayolishikilia inanywea, kwa hivyo mzigo wote unaliangukia goti lenyewe. Kwa magoti yenye maumivu ya kawaida ya umri wetu, mwendo uliopimwa ni sehemu ya matibabu. Shoga yako amekutakia heri, lakini ukimfuata utakaa, na ukikaa goti litazidi kudhoofika.

Lile neno "uliopimwa" ndilo muhimu, maana maumivu yako ya mara ya kwanza yalikuwa ya kweli. Ulitoka katika hatua chache ukaingia elfu kumi ndani ya wiki, tena Wete. Mji wenu umekaa kilimani, njia kuu inateremka mpaka bandarini, na goti linalemewa zaidi unaposhuka kuliko unapopanda. Mtu anapanda akitweta anadhani hapo ndipo pagumu, kumbe goti linaumia wakati wa kuteremka, pale paja linapofanya kazi ya kukuzuia usiporomoke. Kwa miezi miwili ya mwanzo ukimbie mteremko. Tafuta pahala pa sawa, na pahala hapo unapo, nitakwambia punde.

Maumivu nayo yana lugha yake. Yape alama kutoka sifuri mpaka kumi. Yakiwa mbili au tatu unapotembea, na kesho yake wakati kama huo yametulia, endelea, hujaharibu kitu. Yakifika tano, au goti likiamka limevimba, siku inayofuata zipunguze dakika zako ziwe nusu, usiache kabisa. Na kila siku, ukishasali adhuhuri kwa mfano, kaa kwenye kiti cha kawaida, simama bila kushika kwa mikono, kaa taratibu, mara nane. Pumzika, rudia mara nane nyengine. Zoezi hilo linarudisha paja, na paja ndilo mlinzi wa goti. Kama mwanzo huwezi bila mikono, weka mto juu ya kiti kiwe kirefu. Wakati wa kusujudu, tandika blanketi lililokunjwa chini ya magoti mpaka yatulie.

Jaketi zito livue. Jasho ni maji na chumvi, mafuta hayapiti kwenye ngozi. Utakachokipata ni mzani kushuka kwa saa chache mpaka unywe maji, na kwa mtu wa presha katika joto la kaskazi utajitafutia kizunguzungu.

Nikueleze na ukweli kuhusu unene, kwa sababu hukuuliza lakini najua uko nyuma ya barua. Kutembea peke yake kunapunguza uzito kidogo tu. Nusu saa ya mwendo wa haraka haiunguzi hata chapati moja. Anayetembea kwa ajili ya mzani, wiki ya tatu anapanda mzani, hauoni umesogea, anaacha. Wewe pima presha yako, pima sukari, angalia unavyolala, angalia kama ngazi za skuli bado zinakutoa pumzi. Hivyo husogea mapema. Lakini usilidharau lile dogo: kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua.

Nimefika pale ulipotaka nifike: nifanye nini nisiache.

Tendo jipya ni kama kanga uliyoifua. Ukiwa huna msumari wa kuitundika, utaiweka juu ya kiti, kesho juu ya kitanda, keshokutwa huioni. Ulipojiambia "nitatembea kila siku nikipata nafasi", ulikuwa huna msumari. Siku ya mwalimu na mama haina nafasi inayokuja yenyewe. Lazima mwendo utundikwe kwenye jambo ambalo tayari hulikosi, na mara likimalizika miguu iondoke bila kushauriana na kichwa.

Nyumba zetu zina misumari mingi ya namna hiyo, pengine kuliko ya watu wengi duniani, kwani siku yetu imegawika kwa sala tano. Watu wengi ninaowaona hutundika mwendo wao baada ya alfajiri. Ni wakati mzuri, kuna ubaridi, barabara haina magari mengi, na siku haijaanza kukudai. Kwa upande mwengine wewe una watoto wa kutayarisha na skuli ya kuwahi, na siku moja ukichelewa kuamka mwendo umekufa. Baada ya alasiri kuna mwanga na jua limelegea, lakini kuna wageni, kuna jiko, na ndio wakati mabaraza yamejaa hao wanaokuuliza waenda wapi.

Mimi ningekutundikia kwenye kengele ya skuli. Fikiri kidogo: wewe ni mwalimu, una uwanja wa sawa usio na gari wala mteremko, una veranda ya madarasa yenye paa kwa siku za masika, na hakuna mtu atakayemshangaa mwalimu anayezunguka skulini kwake. Kengele ya mwisho ya zamu yako ikilia, weka mkoba ofisini, vaa raba, zunguka. Hujafika nyumbani bado, kwa hivyo nyumba haijakushika. Ukishavuka kizingiti cha nyumba yako, dada yangu, wewe na mimi tunajua hutoki tena.

Anza na dakika kumi. Najua utaziona chache, na wiki ya kwanza utatamani kuongeza. Usiongeze. Dakika kumi, siku tano kwa wiki, kwa wiki mbili. Wiki mbili zinazofuata kumi na tano, kisha ishirini, kisha ishirini na tano, na wiki ya tisa unaingia nusu saa. Mara tano nusu saa, umetimiza zile 150. Nimezipanga wiki hizo kwa makusudi. Mwaka 2010 mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya madogo madogo. Tendo lilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati kufika pahala pa kujiendesha lenyewe, na wengine walichukua siku 18, wengine 254. Wale waliochagua mazoezi walichukua muda mrefu kuliko waliochagua kunywa glasi ya maji. Wewe ulikuwa ukiacha siku ya kumi na nne, ukadhani umeshindwa, kumbe ulikuwa hujafika hata robo ya njia.

Uchunguzi huo ulionesha na jambo jengine ambalo ningependa ulibandike ukutani: kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Kinachoharibu ni mtu kukosa Jumanne, akaona wiki imeshaharibika, akasubiri Jumatatu, Jumatatu akasubiri mwezi uandame. Ukikosa siku, usiilipe kwa kutembea mara mbili kesho yake. Rudi kwenye dakika zako zile zile. Sheria iwe moja tu, ile niliyosema nitairudia: usikose siku mbili mfululizo. Mwishoni mwa wiki skuli imefungwa, kwa hivyo Jumamosi au Jumapili chagua moja, msumari wake uwe kumpeleka mtoto chuoni, kwenye Kurani, kwa miguu badala ya bodaboda.

Hilo la chuoni linanifikisha kwenye midomo ya watu. "Waenda wapi?" kwetu ni salamu. Anayeuliza hataki ripoti, na ukimjibu "hapo mbele, narudi" ameridhika. Lakini najua inavyochoma, kwa sababu hapa kwetu mwanamke mtu mzima anayepita njiani bila kapu, bila mtoto, bila mgonjwa wa kumtazama, anaonekana ana jambo. Mwanzoni upe mwendo wako shughuli: duka la mbali badala ya la karibu, jamaa anayekaa mtaa wa pili. Bora kuliko vyote ni mwenzako. Wanawake wawili wanaokwenda wakizungumza hawaulizwi kitu. Na ukiwa na ahadi na mtu, siku ambayo hutaki kutoka utatoka kwa kumwonea haya. Mchukue huyo huyo shoga yako anayeogopa magoti, naamini na yeye yanamuuma.

Kwa mume wako zungumza mapema, kabla hawajazungumza wao. Watu wetu wamezoea kumsoma mume kwa mwili wa mke: akinenepa mke, mume anasifiwa, akipungua wanaulizana kuna nini ndani. Mchukulie kadi yako ya kliniki umwonyeshe namba za presha na sukari. Akishajua kwa nini, atawajibu yeye. Kama ana afya, mwombe atoke na wewe siku moja ya wiki, maana na yeye amefika umri huo huo.

Vikundi vya mazoezi viko Unguja na Pemba, na kila tarehe 1 Januari unawaona barabarani wakiadhimisha siku ya mazoezi, watu wa kila umri. Vina uchangamfu, na kwa wengi vimekuwa msumari madhubuti kuliko wowote. Kwa magoti yako ya sasa ningekuambia subiri. Vingi vinakwenda mchakamchaka na kuruka ruka, na ukiwa katikati ya kundi unaona haya kupunguza. Maliza wiki zako tisa kwanza, kisha nenda, na umwambie kiongozi wao tangu siku ya kwanza kwamba wewe hurukiruki.

Mambo ya njiani nayapitia haraka. Ndara si za kutembelea nusu saa, soli yake haikamati kisigino, na maumivu ya unyayo nyuma yataanzia hapo. Raba ya mtumba inatosha: ikunje kwa mikono, ipinde penye vidole isipinde katikati, na ibonyeze nyuma penye kisigino pawe pagumu. Ukitembea barabarani shika kulia, magari yakujie usoni uyaone. Ikiwa bado giza la alfajiri, juu ya buibui jeusi tupia mtandio mweupe, kwani dereva haoni mtu aliyevaa nyeusi gizani mpaka amfikie. Ramadhani msumari unahama; wengi huweza dakika kumi na tano za taratibu kabla ya futari, au baada ya tarawehe wakishakunywa maji. Anayetumia dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Metformini peke yake kwa kawaida haikuangushi sukari ukitembea. Wenye kupiga sindano ya insulini au kumeza vidonge vya sukari vya jamii ya glibenklamaidi hali yao ni nyengine: wapime sukari kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5 (mmol/L) wale kitu kwanza, na wawe na peremende au tende mfukoni. Wewe kila usiku angalia nyayo zako, kwa kioo kama huwezi kuinama, na kabla ya kuvaa raba tia mkono ndani usije ukakanyaga kijiwe usichokihisi. Kidonda cha mguu kwa mwenye sukari hakifichwi na hakitiwi dawa ya nyumbani. Siku hiyo hiyo kituo cha afya.

Kabla ya kuanza, pima presha. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, subiri kwanza itulizwe kwa dawa. Na ukiwa njiani, kifua kikibana au kuwa kizito, maumivu yakapanda tayani au yakashuka mkononi, pumzi ikakatika kuliko kawaida, au ukahisi kutaka kuzimia, simama papo hapo, kaa, umwite mtu, uende hospitali saa ile ile. Usimalize mzunguko. Ukiona shavu la mguu linauma kila ukitembea mwendo fulani, ukisimama linaacha, ukiondoka linarudi, hayo huenda ni mishipa ya damu, mwambie daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, usiukande wala usiutembelee, nenda ukatazamwe.

Magoti yako mimi ningependa yashikwe na mtu kwa mkono kuliko kutibiwa kwa barua. Ikiwa goti linavimba na kuwa la moto, linakwama katikati ya kukunja, linakuachia ghafla ukitaka kuanguka, au maumivu yanakuamsha usiku, usisubiri wiki tisa. Hata kama hakuna hata moja katika hayo, ukifika wiki ya sita na bado maumivu ni matano kwa kumi, uliza hospitali ya karibu nawe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ukienda, chukua kadi yako ya kliniki, chukua na raba unazotembelea, hata zikiwa kuukuu. Zilivyolika soli tunaweza kuona unavyokanyaga.